Chozi la Jicho la Kushoto

Lwitiko alikuwa ameiota siku hiyo kwa miaka sita, na katika ndoto zote hizo hakuwahi hata mara moja kujiona akimwomba Mungu umeme ukatike.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa gesti moja nyuma ya maegesho ya malori pale Tunduma. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa maturubai ili kupata giza, na joto la humo ndani lingeweza kuumua unga. Watu walijaa mpaka mlangoni: madereva waliokuwa wakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, wabadilisha fedha, akina mama wa kwaya waliotoka ibadani na sare zao, na wengine ambao, tuseme ukweli, walikuwa wamesikia kuna soda ya bure. Mbele yao lilitundikwa shuka jeupe, na kwenye shuka hilo, mpana kama mlango wa kontena, ulikuwa uso wa Lwitiko.

Filamu iliitwa Mkwe wa Mpakani, na ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba anayeosha malori asubuhi na kujiita msanii jioni. Sanaa yenyewe ilikuwa michezo ya Pasaka kanisani, ambako aliigiza Yuda miaka minne mfululizo kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali.

Angekuwa amekuja peke yake, angeifaidi siku yake. Lakini safu ya mbele yake, karibu kiasi cha kunusa mafuta ya nywele, alikaa Recho katika gauni la njano. Na kulia kwa Recho alikaa baba yake, Mzee Yesaya, mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa wa kule karibu na Mbozi Mission. Wiki tatu nyuma Lwitiko alikwenda kumposa Recho, na mzee yule hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Jibu nitatoa nikishaiona hiyo kazi yako kwa macho yangu." Leo ndiyo ilikuwa siku ya macho yake.

Na mpaka dakika ya arobaini mambo yalikuwa mazuri. Lwitiko aliigiza tapeli mtanashati anayezunguka mpakani akiwalaghai wenye mali, na kila alipotokea kwenye shuka ukumbi ulisisimka. Recho aligeuka mara mbili kumtazama, na mara zote mbili alitabasamu. Tabasamu la pili lilimfanya Lwitiko asahau kwamba suti aliyovaa ilikuwa ya kuazima, na mabega yake yalikuwa yamelala kwenye viwiko.

Kisha tapeli akaingia sebuleni kwa tajiri wa dagaa, akapiga magoti kumposa binti wa watu, na Lwitiko akaanza kumwomba Mungu umeme ukatike.

"Brian!" alinong'ona, akimvuta shati mwongozaji wa filamu aliyekaa kando yake. "Hii si uliniambia uliikata? Ulisema honi za malori ziliiharibu!"

"Nimepata fundi Mbeya, kazisafisha honi zote," Brian alijibu akichekelea. "Nilitaka nikushtue, mwanangu."

"Umenishtua."

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu balaa hili lilikuwa na mizizi.

Kwa desturi ya kwao, mposaji hasemi. Anakaa kimya na kuangalia chini, mshenga ndiye anayesema. Mshenga wa Lwitiko alikuwa Zabron, wakala wa forodha, mtu mwenye mdomo wa kuvusha hata jiwe mpakani. Siku ya posa gari la Zabron likapata pancha mara mbili njiani. Lwitiko akajikuta sebuleni kwa Mzee Yesaya na shangazi yake mmoja tu, ambaye masikio yalishachoka zamani. Wakasubiri. Chai ikapoa. Mwishowe Mzee Yesaya akasema, "Basi sema mwenyewe, kama una la kusema."

Lwitiko akalisema alilokuwa nalo. Alilisema akiwa amepiga magoti, machozi yakamtoka, na kwa kuwa hakuwa na leso, alichomoa kitambaa kilichofumwa kutoka mgongoni mwa kochi akajifutia uso mzima. Mama Recho aliguna. Recho, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia la jikoni, alilia naye. Mzee Yesaya hakusema kitu ila kumsahihisha mahali pamoja, na kutoa lile jibu la macho yake.

Sasa maneno yaleyale, bila kupungua hata moja, yalikuwa yakitoka kwenye spika mbili kubwa kama makabati.

"Baba," alisema tapeli kwenye shuka, "mimi sina lori wala nyumba. Nina mikono miwili na usingizi mdogo."

Shingo ya Recho ilikakamaa.

"Sikuja kukuomba binti yako kwa sababu ni mzuri. Wazuri ni wengi. Nimekuja kwa sababu nikiwa mbali naye hata chakula naona kama hakijatiwa chumvi."

Mzee Yesaya alivua kofia, akaiweka magotini.

"Ukinipa Recho... ukinipa binti yako, nitaiamkia mibuni yako yote mia mbili na kumi na mbili kabla sijanywa chai."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mibuni ya wapi?" dereva mmoja alipaza sauti. "Mzee si muuza dagaa huyo!" Lwitiko alifumba macho. Hilo ndilo kosa alilolijutia kuliko yote. Siku ya kupiga picha Brian hakuwa na maneno ya kumpa. Alimwambia tu, "Sema chochote, bwana, tena ulie, betri inakwisha." Lwitiko akasema chochote, ulimi ukateleza mpaka mashambani Mbozi, na hakukuwa na betri ya kurudia.

"Na siku nitakayomliza," tapeli alimalizia, "uning'oe kama kisiki."

Chozi likamtoka jicho la kushoto, likateremka taratibu mpaka kidevuni. Chozi safi, la kupendeza. Akina mama wa kwaya walisema "Maskini!" kwa sauti nne. Dakika tano baadaye tapeli alikuwa ameondoka na lori zima la dagaa, akimwacha binti wa watu na mimba na deni la nauli, na wale wale akina mama walikuwa wamesimama wakimlaani.

Recho hakugeuka tena.

Taa zilipowaka, ukumbi ulilipuka kwa makofi, na hapo ndipo Lwitiko alipojua kwamba mtu anaweza kufurahi na kuumia kwa wakati mmoja kama anayekula pilipili tamu. Walimbeba. Walimpigia miluzi. Dereva wa Kizambia alimshika mkono kwa mikono miwili akisema, "Mwabombeni! Kazi nzuri! Wewe mubaya sana! Mubaya kabisa!" na hiyo ilikuwa sifa. Mama mmoja wa kwaya alimchapa mwavuli begani, halafu akaomba kupiga naye picha.

"Mwanangu, umeua!" Brian alimkumbatia. "Kuna bwana mmoja ameshaniambia anataka filamu ya pili. Na wewe ndiye tapeli tena!"

Miaka sita alikuwa ameyasubiri maneno hayo. Sasa aliyasikia huku macho yake yakifuata gauni la njano lililokuwa likipenya kuelekea mlangoni, na nyuma yake kofia ya Mzee Yesaya.

"Niachie," alisema. "Brian, niachie, naondokewa."

Aliwakuta nje getini, karibu na mama anayechoma mahindi. Walikuwa wakimsubiri Zabron, kwa kuwa ndiye aliyewaleta kwa gari lake. Mzee Yesaya alikuwa amesimama pembeni akitazama malori kana kwamba anayakagua. Recho alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Recho."

"Usiniite."

"Recho, nisikilize kidogo tu..."

"Nikusikilize mara ngapi? Nimekusikiliza nyumbani, nimekusikiliza na humo ndani. Sasa unataka nikusikilize na hapa njiani? Niambie, unayo na kwenye kaseti?"

"Siyo hivyo unavyofikiri."

"Na hiyo pia iko kwenye filamu. Ulimwambia yule binti wa dagaa nikiwa nakuona."

Ilikuwa kweli. Kila neno lililomjia kichwani alishalisema mahali fulani mbele ya kamera.

"Maneno yale niliyatunga kwa ajili yako," alisema hatimaye. "Nilikuwa nayo tangu zamani, nayasema peke yangu nikiosha malori. Siku ya filamu sikuwa na kitu kingine moyoni, yakatoka. Brian akaniambia yamekatwa. Nikajua yamerudi kuwa yangu."

"Kwa hiyo mimi nilipewa yaliyobaki."

"Hapana! Wewe ndiye mwenyewe. Filamu ndiyo iliyoazima."

"Lwitiko." Sauti yake ilitetemeka, na hilo lilimchoma Lwitiko kuliko hasira. "Nililia nyuma ya pazia. Mama alinifokea, nikamwambia mwanaume anayesema vile hawezi kuwa muongo. Leo nimekaa na watu mia mbili, kila mwanamke mle ndani analia kilio changu. Hata jicho ni lilelile la kushoto!"

Lwitiko alitaka kulia. Lakini akiwaza kwamba chozi litaanzia jicho la kushoto, alikaza uso kwa nguvu zote mpaka akaonekana kama mtu mwenye tumbo la kuharisha.

"Na huko ni kuigiza nini tena?" Recho aliuliza.

"Siigizi."

"Nitajuaje?"

Mtu aliyesomea uongo, hata salamu yake hukaguliwa.

Wakati huo Zabron alifika mbio, akijifuta jasho, funguo za gari mkononi. Aliwatazama wote watatu, akaelewa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, akaanza papo hapo.

"Mzee wangu, shikamoo tena. Naona kuna tatizo. Naomba niseme kama mshenga. Mzigo huu haujakataliwa, umesimamishwa tu kwa ukaguzi. Nyaraka zipo, ila zimefanana na za mzigo mwingine. Hilo hutokea. Tukikaa mezani..."

"Zabron," alisema Mzee Yesaya.

"Naam, mzee."

"Nyamaza kwanza."

Zabron akanyamaza, jambo ambalo mpakani hawajawahi kuliona. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha mzee huyu kilikuwa kimeanza tangu tapeli alipopiga magoti. Lwitiko alijiandaa kupigwa mshindo wenyewe.

"Wewe kijana, sogea."

Lwitiko alisogea, suti ikisogea nyuma yake.

"Yule mzee wa kwenye sinema anauza nini?"

"Dagaa, baba."

"Ana shamba?"

"Hana, baba. Ana ghala tu. Hapahapa mjini."

"Sasa mibuni ilitoka wapi?"

Brian alikuwa amewafikia, bado na furaha yake, na alidhani anasaidia. "Shikamoo mzee! Lile ni kosa letu la kiufundi, usijali. Tutalifuta kabla hatujaipeleka Dar."

"Usilifute," alisema Mzee Yesaya bila kumtazama. Macho yake yalibaki kwa Lwitiko. "Ulisema mibuni mingapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili, baba."

"Na siku uliyokuja kwangu, ulisema mingapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili. Ukanisahihisha. Ukasema ni mia mbili na kumi." Alimeza mate. "Nisamehe, baba, sikukusudia kubishana."

"Nani alikuambia hiyo hesabu?"

Lwitiko alimtazama Recho, akatazama chini. Msimu wa mwaka juzi kazi ya malori ilipodorora, alipanda kwenda Mbozi kuchuma kahawa kwa kibarua. Ndiko alikomkuta Recho akisimamia mashine ya kumenya kahawa, kitenge kiunoni, akimfokea kwa kuchuma punje mbichi. Alifukuzwa kazi na Recho mwenyewe mara mbili kabla hajajua jina lake.

"Hakuna aliyeniambia. Niliihesabu mwenyewe, nikiwa nachuma. Kila siku."

"Kila siku? Mibuni inaongezeka?"

"Hapana, baba. Nilikuwa naihesabu ili nisimtazame Recho. Uliwahi kusema kibarua atakayemtazama binti yako ataondoka bila ujira. Basi kila macho yakitaka kwenda kwenye mashine, nayarudisha kwenye mibuni. Moja, mbili, tatu. Nikipotea naanza upya."

Mama wa mahindi alisahau kugeuza mahindi yake. Yalianza kuungua na hakuna aliyemkumbusha.

"Mimi nimelima shamba lile miaka thelathini na moja," Mzee Yesaya alisema polepole. "Nasema mia mbili na kumi, kwa sababu marehemu baba alisema mia mbili na kumi. Siku ile ulipoondoka, nilikasirika. Nikasema, huyu mtoto anakuja kunifundisha shamba langu. Asubuhi nikateremka, nikahesabu." Alivua kofia, akaivaa tena. "Ipo miwili nyuma ya mgomba, upande wa kijito. Sikuwa naijua."

"Sasa nimekaa humo ndani, nataka kukupiga. Kweli kabisa, nilitaka kupanda kwenye lile shuka nikupige. Mwizi mkubwa wewe. Unaigiza vizuri." Alilisema hilo kwa shida, kama mtu anayelipa. "Halafu nikasikia mia mbili na kumi na mbili. Nikajiuliza, filamu hii ilipigwa lini?"

"Miezi minane iliyopita, mzee," alijibu Brian.

"Miezi minane. Na nyumbani kwangu alikuja wiki tatu zilizopita. Basi muuza dagaa ndiye aliyepokea posa yangu." Mzee alimgeukia binti yake. "Recho, huyu alikuwa amepiga magoti kule, lakini alikuwa anaongea na mimi. Watu wamecheka kwa sababu hawalijui shamba letu. Mengine amua mwenyewe."

Akasogea kwa mama wa mahindi na kununua lile lililoungua, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

Recho alibaki amesimama. Mikono ilikuwa bado kifuani, ila haikukaza kama mwanzo.

"Kweli ulikuwa unahesabu?"

"Nilipoteza hesabu mara nyingi kuliko nilivyoimaliza."

"Ulitaja na jina langu. Mle ndani. Ulisema Recho, halafu ukajirudi."

"Nililisema. Binti wa dagaa anaitwa Jenista."

Recho aliuma mdomo ili asicheke. "Na chozi?"

Lwitiko alijua hapa ukweli utamuumiza, akausema hivyo hivyo. "La kwenye filamu lilikuwa la kitunguu. Brian alikuwa na kipande kimoja tu. Kilitosha jicho la kushoto."

"Nami naapa hivyo," alisema Brian. "Kipande kingine tulikuwa tumekula na chipsi."

"Nyumbani hakukuwa na kitunguu," alisema Lwitiko. "Nyumbani nilikuwa naogopa."

Honi za malori zililia, foleni ikasogea hatua mbili kuelekea mpakani.

"Nyumbani ulitoa na makamasi," alisema Recho.

"Recho!"

"Ulitoa. Kitambaa cha kochi nilikifua mimi, siyo mama. Nimekifua mara tatu. Kwenye filamu hukutoa hata tone. Nilikuwa nimekaa pale nakulaani, huku najiuliza mbona leo pua kavu."

Lwitiko hakujua kama acheke au aombe radhi, na katika kutojua huko chozi alilokuwa amelizuia tangu mwanzo likamponyoka. Jicho la kushoto lilianza, la kulia likafuata, kisha mambo mengine yote, bila mpangilio wala urembo, mbele ya mwongozaji wake wa filamu na mashabiki wawili waliokuwa wamekuja kuomba picha.

"Jumamosi mje," Mzee Yesaya alisema kutoka kwenye mahindi, mdomo ukiwa umejaa. "Zabron atasema. Kijana atakaa kimya kama desturi inavyotaka. Akifungua mdomo, naghairi."

"Matairi nitayabadilisha leo leo!" alisema Zabron.

Recho hakuwasikia. Alikuwa akifungua mkoba wake wa ibada, ule wenye kitabu cha nyimbo, na kutoka chini kabisa akatoa kitambaa cheupe kilichofumwa, kimenyooshwa pasi na kukunjwa vizuri. Alikuja nacho makusudi tangu Mbozi, kwa sababu alimjua mtu wake kuliko mtu wake alivyojijua. Akakishika mkononi bila kumpa kwanza. Alimsogelea Lwitiko karibu, akamtazama pua iliyolowa, ndipo akayaamini machozi.